Chungu Kilichofungiwa Mbalibali

Aliyehusika ni mkuu wangu wa kazi wa miaka ile ya dhahabu. Ndiye aliyeketi mezani kwake mjini Tarime akaandika kwamba pombe iliyowadhuru wachimbaji ilipikwa na mama mmoja wa Mbalibali, hali akijua kwamba haikupikwa naye. Jina lake silitaji. Wanaomfahamu watamtambua, na yeye mwenyewe akisoma mistari hii hatahitaji kutajiwa.

Nilikuwa bwana afya. Kazi yangu ilikuwa kukagua visima, vyoo, mabucha na vilabu vya pombe kuanzia Tarime hadi Mugumu, na kutoka hapo mpaka Ikoma, karibu na lango la hifadhi. Nilisafiri kwa pikipiki ya ofisi ilipokuwa na mafuta, na ilipokosa nilidandia lori lolote lililokubali kunibeba. Wakati huo kila mwenye sururu na karai alikuwa ameelekea machimboni kutafuta dhahabu. Niliwahi kufika katika shule moja nikakuta mlinzi, mpishi na mwalimu wa hesabu wote wameshuka shimoni ndani ya juma moja, na mwalimu mkuu anapiga kengele mwenyewe.

Sioni aibu kukiri kwamba nilipenda pombe nzuri ya ulezi, ile ambayo Wakurya huiita amarwa. Bia ya chupa ilifika Mugumu ikiwa imepashwa moto na jua na kutikiswa na barabara, na msafiri mwenye busara aliiacha dukani. Hata hivyo, pombe ya kienyeji nayo haikuwa ya namna moja. Kulikuwa na iliyopikwa, na kulikuwa na iliyoharakishwa. Nilitumia miaka mingi kujifunza kuzitofautisha kabla ya kuketi.

Ukifika kijiji usichokijua, usimuulize mlevi, kwa kuwa mlevi husifu kilicho karibu. Nenda kwenye mashine ya kusaga, uwaulize akina mama walio kwenye foleni: kukiwa na harusi hapa, chungu huagizwa kwa nani? Watamtaja mmoja kwa sauti moja, kisha watabishana juu ya wa pili. Tazama pia wazee wanaelekea wapi na mirija yao mirefu, maana mzee hatembezi mrija wake bure. Ukiingia uani, angalia kimea kimeanikwa wapi. Kama kuku wanakanyaga juu yake, geuza pikipiki. Uliza maji yalichotwa kisima gani. Halafu mtazame mpikaji mwenyewe. Asipokunywa wa kwanza, nawe usinywe.

Hilo la mwisho watu wa huko hawalifanyii mzaha. Mpikaji hutumbukiza mrija kwenye chungu mbele ya watu wote, huvuta, humeza, kisha humpa mgeni mrija ule ule. Mgeni akiupokea na kunywa, amekubali kwamba pombe ni salama, na wote waliokaa wamemwona akikubali. Akiukataa, hahitaji kusema neno. Katika utumishi wangu niligonga mihuri mingi, na hakuna hata mmoja uliokuwa na nguvu kama mrija ule.

Mama wa Mbalibali nilielekezwa kwake na mashine tatu tofauti za kusaga. Alikuwa mjane, mwenye mabinti wawili aliokuwa akiwafundisha kazi. Nilipofika mara ya kwanza nilikuta wazee wanne wamezunguka chungu kitupu, wakingoja kama watu waliokuja kumwona mgonjwa.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba, mura," alijibu mmoja wao, mchungaji mwenye koti la jeshi lisilo na vifungo, akiniita kijana kwa Kikurya. "Umekuja kupima pombe au kupima kiu yako?"

"Nimekuja kukagua, mzee."

"Basi kagua. Chungu hicho hapo, kisafi kabisa. Tumekilamba sisi."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakohoa. Mama alitoka jikoni akijifuta unga mikononi. Aliniambia pombe ingeiva keshokutwa. Nikamwambia keshokutwa nitakuwa Ikoma, je, hawezi kufanya haraka kidogo?

"Bwana afya," alisema, "wewe mama yako alikuzaa kwa miezi mingapi?"

"Tisa."

"Na hakuna aliyemwambia afanye haraka kidogo?"

Yule mchungaji alinipigapiga bega kwa huruma. "Huyu hajibiwi, mura. Sisi tumejaribu tangu marehemu mumewe akiwa hai."

Nilirudi kutoka Ikoma nikapitia kwake kwa makusudi. Alinionyesha kila hatua, kuanzia unga uliolowekwa na kufukiwa shimoni mpaka uchachuke, hadi ukaangaji kwenye karai, ambapo unga hugeuzwa bila kuachwa mpaka upate rangi ya udongo wa kichuguu. Baada ya hapo huja maji, kimea cha ulezi, na siku za kungoja. Alivuta wa kwanza, akanipa mrija. Ilikuwa na uchachu wa wastani na harufu ya nafaka iliyokaangwa vizuri, wala haikuniachia kichwa kizito asubuhi. Niliandika hayo kwenye daftari langu usiku huo, na sijawahi kuyafuta.

Sasa nieleze kosa langu, maana mwenye kudai hesabu hutanguliza ya kwake. Nilifundishwa kwamba jambo lolote analoliona mtumishi akiwa safarini ni mali ya faili. Kwa hiyo niliitoa orodha ya wapikaji wazuri niliyokuwa nikiiandika kwenye daftari langu, nikaichapa kwa mashine ya ofisi, nikaipa kichwa cha habari na kuiambatanisha na taarifa yangu ya robo mwaka. Hakuna aliyeniagiza. Niliona fahari kwamba mtumishi mgeni akipangiwa wilaya zile atajua pa kunywa bila kudhurika. Juu ya mama wa Mbalibali niliandika: "Pombe yake ni bora kuliko zote, hutafutwa hata na wachimbaji."

Mkuu wangu aliisoma, akacheka, akasema, "Wewe kweli unafanya kazi." Nilirudi kwenye meza yangu nikiwa na furaha ya kijinga.

Machimboni wakati huo hakuna aliyengoja pombe iive. Wachimbaji walitoka shimoni na vumbi kooni, na kilabu kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha shemeji yake mkuu wangu, kaka wa mke wake. Huyo alipika leo na kuuza kesho. Nilimwandikia onyo mara mbili. Onyo la kwanza halikujibiwa. Baada ya la pili, mkuu aliniita akaniambia nisiwe na roho mbaya kwa watu wanaojitafutia.

Kisha asubuhi moja niliitwa kilabuni hapo. Wachimbaji walikuwa wamelala chini ya turubai wakitapika, na mmoja wao, kijana wa Ikoma, alikuwa akiuliza kwa nini hakujakucha ilhali jua lilikuwa limempiga usoni. Nyuma ya kilabu nilikuta madumu mawili yakinuka spiriti ya kuwashia jiko. Mwenye kilabu alikuwa ameitia kwenye pombe changa ili ikaze kichwa. Niliyafunga madumu yale, nikayawekea lakiri, nikayapeleka Tarime mimi mwenyewe, yakapokelewa kwa stakabadhi, nikaandika taarifa ya kurasa nne. Kijana yule hakupata kuona tena.

Siku ya tatu mkuu aliniita. Juu ya meza yake kulikuwa na taarifa moja tu, nayo haikuwa yangu. Ilisema kwamba pombe iliyowadhuru wachimbaji ililetwa machimboni kutoka Mbalibali, na kama ushahidi ilinukuu maneno yangu mwenyewe: "hutafutwa hata na wachimbaji."

"Mkuu," nilisema, "mama yule juma hilo hakuwa na pombe. Nilipita kwake siku moja kabla ya ugonjwa. Unga ulikuwa bado shimoni. Imeandikwa kwenye daftari langu la safari."

"Daftari lako si waraka wa serikali."

"Na madumu?"

"Madumu gani?"

Nikamtazama. Naye alivuta droo, akatoa karatasi.

"Mzee," alisema kwa sauti ya upole, ingawa nilikuwa mdogo kwake, "una watoto shuleni hapa mjini. Kuna kituo kisicho na mtu kule mpakani mwa mkoa. Usinifanye nikukumbuke." Halafu akanisogezea amri ya kukifunga kilabu cha Mbalibali, ili mimi niitekeleze na kuitia sahihi.

Niliitia sahihi.

Tulifika Mbalibali saa nne asubuhi: mkuu, mgambo watatu, mtendaji wa kijiji, na mimi. Habari zilikuwa zimetutangulia na watu walijaa uani. Pombe ile ambayo unga wake niliuona shimoni ilikuwa sasa imeiva, na chungu kimejaa. Amri ilisomwa kwa sauti. Mama aliisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na mrija. Aliutumbukiza kwenye chungu, akavuta kwa muda mrefu kuliko desturi, akameza. Kisha akawapita mtendaji na mgambo akaja moja kwa moja kwangu.

"Bwana afya. Wewe unaijua. Kunywa."

Yule mchungaji wa koti la jeshi alisema, bila utani safari hii, "Kunywa, mura. Funda moja tu."

Nilikuwa nimevaa sare. Kanuni zilinikataza kuonja kitu kilicho chini ya amri ya kufungiwa, na mkuu wangu alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu. Nilishika mikono yangu nyuma. Alibaki amenyoosha mrija kwa muda ambao nimeupima mara nyingi tangu siku hiyo, kisha akaushusha. Nyuma yangu mkuu alisema, "Mmeona wenyewe. Hata mtaalamu anaiogopa." Ndipo mgambo wakavunja chungu.

Watu wa Mbalibali hawakuhitaji kuisoma amri tena. Tangu siku hiyo hakuna harusi iliyoagiza kwake. Wazee walihamisha mirija yao kwa mpikaji wa pili, yule aliyekuwa akibishaniwa. Mabinti zake walipoolewa, wakwe zao waliwaambia mapema kwamba wasiguse kimea. Ufundi ambao mama yule aliupokea kwa mama yake ulikomea kwenye vigae vile.

Mkuu wangu alipandishwa cheo. Alistaafu kwa sherehe yenye keki, na nilikuwepo, nikapiga makofi pamoja na wengine huku nikihesabu ndani ya moyo wangu siku zilizonibakia kabla ya kustaafu na kuwa huru kusema. Leo ni mzee wa heshima mjini. Huketi mbele kwenye misiba, na vijana wa bodaboda humwamkia shikamoo. Nimeambiwa nisamehe kwa sababu ni mambo ya siku nyingi. Sisamehi. Nimetunza daftari langu la safari, nakala ya taarifa yangu ya kurasa nne, na stakabadhi ya kupokelewa kwa madumu mawili yaliyofungwa kwa lakiri, yenye sahihi yake mwenyewe. Aliniuliza madumu gani. Sahihi yake inajibu.

Mwaka huu nilikwenda Mbalibali. Mama amezeeka na anatembea kwa fimbo. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Niliomba radhi kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Tarime. Alinisikiliza kama alivyoisikiliza amri ile.

"Pole yako nimeipokea," alisema. "Lakini mimi pole niipeleke wapi? Mjukuu wangu anaolewa. Ameniuliza, 'Bibi, utanipikia?' Nikamwambia watu hawatakunywa. Akalia. Wewe ndiye uliyekataa mbele ya watu. Mbele ya watu hao hao ndiko kwenye kazi, si hapa kwenye kigoda changu."

Mwenyewe nilijua kwamba ni kweli. Walioona bado wengi wako hai.

Kwa sababu hiyo nawasilisha dai langu hadharani. Nadai amri iliyomfungia mama wa Mbalibali itamkwe kuwa batili na ofisi iliyorithi majalada ya wakati ule, kwa maandishi, na nakala ibandikwe penye ofisi ya kata. Nadai uitishwe mkutano wa kijiji kabla ya harusi ya mjukuu wake, na taarifa yangu ya kurasa nne isomwe hapo kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na stakabadhi ya madumu. Nadai aliyekuwa mkuu wangu afike mwenyewe, asimtume mwakilishi wala cheti cha daktari, aeleze mbele ya mama huyo na mbele ya ndugu wa kijana wa Ikoma ni nani aliyetia spiriti kwenye pombe ile, na kwa nini jina la shemeji yake halikuandikwa popote. Nadai pia mwenendo wangu uchunguzwe pamoja na wake, kwa kuwa sahihi iliyo chini ya amri ile ni yangu, na adhabu yoyote itakayoamuliwa juu yangu nitaipokea bila rufaa. Vielelezo vyote ninavyo, na nitavikabidhi kwa mamlaka yoyote itakayoniandikia kwamba imevipokea. Akikataa kufika, nadai kukataa kwake nako kuandikwe.