Damu Yangu Katika Vioo Kumi

Aibu hii nimeificha tangu miaka ya hamsini, lakini kwa vile mmeniwekea chai, wacha niitoe. Nilikuwa dresa, msaidizi wa daktari, katika zahanati moja ndogo Thika, koti jeupe na baiskeli juu, na kila Jumatatu nilienda shamba la kahawa kule Ruiru kuwapa wafanyakazi wa kambi ya shamba kidonge cha kuzuia malaria (mimi mwenyewe sikukimeza, nilijiambia homa ni ya watu wa kambini, si ya mtu mwenye koti).

Sasa daktari wetu, Kalasinga mmoja mpole, akaniambia vijidudu vya malaria havifanani, vingine vinauawa na kidonge na vingine vinakishinda, kwa hiyo nimletee damu ya watu kumi wa Ruiru avilinganishe. Nikawadunga vidole, nikapaka damu kwenye vioo vidogo vya kutazamia vijidudu kwa darubini, nikarudi Thika nikavianika dirishani nikaenda kula githeri. Kurudi, nzi wamelamba damu yote. Kwenda Ruiru tena kulitaka kibali kingine cha safari, maana ilikuwa Hali ya Hatari, siku za Mau Mau, na karani wa vibali hakunipenda hata kidogo. Nikasema moyoni, malaria ni malaria, nikajidunga mara kumi, nikavipaka vioo damu yangu na kuandika juu yake majina ya wale kumi.

Siku ya tatu daktari akanipakia kwenye gari lake hadi Ruiru, pamoja na darubini. Mbele ya kambi nzima akasema kidonge kimeshindwa, na barua ya kubadilisha dawa ya shamba lote anayo mfukoni.

“Ila kuna kitu kinanisumbua,” akasema. “Watu kumi, nyumba mbalimbali, na wote wana vijidudu vile vile, vyembamba vya umbo la mundu vikichanganyika na vinene. Kamau, wadunge tena, mbele yangu.”

Nikawadunga. Tukapaka vioo rangi ya kuonyesha vijidudu, tukangoja, akachungulia kioo baada ya kioo. Tisa hawakuwa na kitu, wa kumi alikuwa na vichache vya aina nyingine kabisa. Nilijua kazi imeenda.

Ndipo Mama Wairimu, mchuma kahawa ambaye kila Jumatatu nilimkaripia ameze upesi, akaniangalia mkono.

“Bwana daktari,” akasema polepole, “mbona kidole cha dresa kimetobolewa kama chujio?”

Daktari akanidunga mara ya kumi na moja. Akachungulia, akaviona vile vile vya mundu na vinene, halafu akaichana barua yake.

“Kumbe kambi nzima ni wewe,” akasema.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilitamani nijifiche ndani ya gunia la kahawa. Hakunifukuza, lakini alinihukumu vibaya zaidi: kila Jumatatu nimeze kidonge changu kwanza, mbele ya foleni, na Mama Wairimu ahakikishe. Tangu hapo sijaandika jina la mtu juu ya kitu kisicho chake, wala sitaandika, kwa sababu mpaka leo nikishika kidonge chochote namsikia yule mama na kikombe chake cha bati mkononi:

“Inua ulimi, dresa. Na upande ule mwingine.”