Salamu Chini ya Picha

Mimi nina mdomo, najua. Hapa sokoni Lushoto ninapouza masweta ya mtumba wananiita pilipili kichaa, na sijawahi kulikataa jina. Lakini kwenye kundi letu la simu, kundi la watetezi wa haki, nilijitahidi sana kuufunga. Nilikuwa admini, na kanuni ya kwanza tuliyoiandika pale juu ilikuwa heshima. Ya pili ilikuwa kutunza siri za watu. Sijui nani alizipanga hivyo, ila wakati ule hakuna aliyeona tatizo.

Tulikuwa watu wa kawaida tu tuliopata mafunzo kidogo ya sheria: wakulima wa kabichi wa Lukozi, wauguzi wastaafu, wanakwaya, dereva wa Noah ya abiria. Kila mmoja alisikiliza walioonewa kijijini kwake, kisha tunashauriana kundini nani asaidiwe vipi. Kwa milima yetu hii, mtu wa Mtae kuja kumwona wa Lushoto ni safari ya kuvunja kiuno, kwa hiyo simu ilitufaa mno. Na adabu tulikuwa nayo, tena ya kujivunia. Ukiingia unaamkia wakubwa, unasubiri marahaba, ndipo unaeleza kilichokuleta. Aliyeingia na shida yake bila salamu alikumbushwa kwanza.

Mjane mmoja wa upande wa Mtae aliletwa kwenye kibanda changu na mwalimu mstaafu, jirani yake, ambaye ni mzee wa kanisa na mwenzetu kundini. Mumewe alikuwa amefariki na shemeji zake walilitaka shamba. Mmoja wao alimpiga ngumi ya jicho hukohuko shambani. Mwalimu ndiye aliyempeleka zahanati, na haki yake simnyimi. Mama mwenyewe ni rika la mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia kwa kukunja goti, shikamoo dada, jicho amelifunika kwa kanga.

Tukakubaliana kwamba Jumatatu atateremka kufungua kesi baraza la ardhi. Yeye aliomba jambo moja tu: shemeji zake wasijue mpaka kesi iwe imefunguliwa. Wakijua mapema watawahi kulima, na mtu akishapanda shambani, kumtoa ni kazi ya miaka. Watoto wale nini wakati huo? Mwalimu akampiga picha ya lile jicho, ya kuweka kwenye jalada la kesi tu, na hilo nalo tulilisema wote watatu tukisikilizana.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nafungua belo la masweta, simu ikalia. Mwalimu ameiweka picha kundini. Uso mzima, jicho limevimba, na chini yake ameandika kijiji cha mama yule na kwamba Jumatatu anakwenda kufungua kesi, tumwombee.

Jamani! Nikasema moyoni, lazima kuna mwingine atakayeona ninachokiona. Nikasubiri. Wakaanza kuingia: shikamoo mwalimu. Marahaba. Shikamoo mwalimu, Mungu akubariki kwa moyo huo. Marahaba mwanangu. Viganja vya kuomba, pole nyingi, salamu tena. Watu wazima na akili zao, wanapita mmoja mmoja mbele ya uso wa yule mama kwenda kumwamkia mwalimu.

Si kwamba hawakuona. Baadaye wengine walikiri kwangu kwamba waliona. Lakini nani amwambie mwalimu, na nusu ya kundi amewafundisha kusoma? Kwetu mkubwa akikosea haambiwi palepale. Anatafutwa wa rika lake, anakwenda nyumbani kwake, wanaongea kwanza habari za mvua na maharage, ndipo neno linatuliwa chini taratibu. Ni utaratibu mzuri, naupenda, kwa jambo linaloweza kusubiri.

Nikampigia, kumbe ameshaondoka penye mtandao, hapatikani. Kule juu mtandao unategemea umesimama wapi. Nikampigia tena na tena, wapi. Ndipo nikaandika mbele ya wote: shikamoo mwalimu, naomba uiondoe hiyo picha, mama wa watu yuko hatarini.

Weee! Kundi likawaka moto, tena si kwa ajili ya picha. Kwa ajili yangu. Mimi ni nani wa kumsahihisha mwalimu hadharani? Kwa nini sikumfuata pembeni? Dada mmoja akaandika waraka mrefu kuhusu malezi yangu. Mwingine akanibandikia kanuni ya kwanza. Walijadili adabu mpaka saa ya chakula, na picha iko palepale juu, anayeitaka anaichukua. Hasira zikanipanda, nikaifuta mwenyewe, kisha nikawapa maneno ambayo siyarudii hapa na wala siyajutii.

Jioni mwalimu akapata mtandao, akanipigia. Hakufoka, na heri angefoka. "Mwanangu," alisema, "nimefundisha maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kunifuta kama ubao." Nikamweleza sababu. Akasema aliiweka mbele ya watu wake, hakuitupa barabarani. Aliamini hivyo kabisa, na hilo ndilo lililoniuma. Kesho yake wakubwa wa kundi wakaamua kwamba nitafute mtu wa kunisindikiza, niende kumwangukia mwalimu nyumbani kwake.

Jumatatu nikamwona yule mama anakuja kutoka stendi kwenye manyunyu. Nikaiandaa marahaba yangu, kwa sababu yeye si mtu wa kuruka salamu. Akafika, akasimama kando ya masweta, akashika mkono wa moja. Hakuniamkia.

"Nimekuja kuchukua picha yangu," akasema.

Nikamwambia nimeshaifuta, nikamfungulia na simu aone. Yeye ana kitochi cha vibonyezo tu. Akainama, akaangalia kwa lile jicho zima, kisha akahamia Kishambaa. Kwenye simu yangu haipo, alisema, lakini kwa shemeji yake ipo. Nani aliitoa kundini, pamoja na maandishi yetu, mpaka leo sijui. Jumamosi shemeji alikuja nayo mkononi, kwenye simu, na watu wenye majembe nyuma yake, wakalilima shamba mpaka mlangoni pa jiko lake na kupanda viazi. Halafu akasimama mbele ya watoto, akamsomea yote yaliyoandikwa.

"Alinisomea mpaka salamu zenu," alisema. "Watu wengi hivyo, dada. Mmesalimiana vizuri. Mimi hakuna aliyeniuliza."

Nikamwambia nafunga kibanda sasa hivi, twende baraza pamoja, bado tunaweza kufungua kesi. Akauliza kama na huko wataitaka picha. Sikuweza kumdanganya, nikasema huenda wakaitaka ile ya jicho. Akaunyoosha mkono wa sweta alioukunja, akavuta kanga kichwani, akageuka kurudi stendi.

Simu ikalia. Ni kundi, wanauliza nimepanga siku gani ya kwenda kwa mwalimu. Nikaitia mfukoni. Nilikuwa namwangalia yule mama anavyopotelea kwenye manyunyu, na marahaba yangu bado iko mdomoni.