Wageni wa Hoteli Wamefikia kwa Mzee Wangu

Leo nimepata aibu, lakini asante Mungu, kuku wangu hawajaharibika.

Mnajua niko na hoteli hapa Kitale. Mjukuu wangu Nafula aliniwekea kwa simu ile kitu ya kuonyesha wateja mahali uko. Akaniambia, "Kukhu, nyanya yangu, simama mlangoni pa hoteli ndio ubonyeze."

Ati mtoto anifundishe kubonyeza? Nikabonyeza nikiwa kitandani, nyumbani Ndalu.

Leo walimu kumi wa Bungoma wakaniona huko kwa simu, wakaagiza kuku sita.

Saa saba, hakuna mtu.

Saa nane, hakuna mtu! Ugali unapoa, mimi nagombesha walimu wote wa Kenya.

Simu ikalia. Ni mzee wangu, ananong'ona.

"Mama Wafula, mbona hukuniambia wakwe wanakuja? Nimewakalisha, nimewapa chai. Sasa wanauliza kuku."

Wakwe! Mzee alikuwa ashaanza kuwatajia ng'ombe wa mahari ya Nafula, na walimu wa watu wanatikisa kichwa tu kwa heshima.

Nikapakia sufuria kwa pikapu ya jirani, mbio hadi Ndalu. Wakakula mpaka mifupa. Mwalimu mmoja ameniandikia huko kwa simu: "Chakula kitamu, na mzee anakupokea kama mkwe."

Nimepumua, bana.

Sasa kuna watu wanauliza kama watapata nafasi nyumbani Jumapili. Nyinyi mnasemaje, nibadilishe ile mahali kwa simu ama niache?

Mzee amesema waje tu, lakini wasije mikono mitupu. Bado anangoja ng'ombe.