Kifuo cha Mzee Shomari

Siku nilipoambiwa kwamba mtu anaweza kuusahau mgongo wake kazini, kama asahauvyo kofia msikitini, mwanangu, niliamini palepale bila kudai ushahidi. Na nilikuwa msomi! Jioni nilikuwa nahudhuria kisomo cha watu wazima, nimekwisha kujaa elimu mpaka masikioni; nikiinamisha kichwa, herufi zinamwagika.

Miaka ya sabini ilikuwa bado changa. Nilikuwa nafua nazi kwenye shamba moja nje kidogo ya Bagamoyo. Kazi yenyewe, kama hukuiona, ni hivi: unapewa kifuo, yaani mti uliochongwa ncha na kuchimbiwa ardhini. Unaikita nazi kwenye ncha, unaikandamiza, unabandua makumbi, unachukua nyingine. Desturi ya shamba lile, kifuo kiliitwa kwa jina la aliyekichimbia, na hakikuhamishwa. Mimi nilirithi cha Mzee Shomari, aliyeacha kazi akarudi kwao Kaole baada ya kufua nazi za kuijaza bahari ikafurika.

Wiki haikwisha nikawa nimepinda. Vijana wawili waliokitumia kabla yangu nao waliondoka wakijishika viuno. Na mzee mwenyewe? Alionekana harusini akicheza ngoma, kanyooka kama uzi wa timazi wa fundi mwashi. Wenzangu wakatoa hukumu: "Mzee kayaacha maumivu yake kwenye kifuo, kaondoka mwepesi. Ndiyo maana yeye anacheza, nyinyi mnajikongoja." Hoja ile ilisimama vizuri kuliko mimi.

Ningenyamaza, lakini nilikuwa nimeposa. Ijumaa moja tukiwa katika swala, watu wakainuka kutoka rukuu, mimi nikabaki kulekule. Baba yake Mwanahawa, binti niliyemposa, alikuwa safu ya nyuma yangu. Tulipotoka akaniita pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mimi nilitaka mkwe. Mbona naletewa ndoana?"

"Kazi tu, baba. Itapita."

"Basi ipite kwanza, ndipo tuzungumze ndoa. Sitampa binti yangu mtu wa kumwuguza."

Siku ileile nikashika njia ya Kaole, kuku mweupe kwapani, kwenda kumsihi mzee autwae mgongo wake. Nilimkuta barazani anasuka ukili. Nikamweleza yote. Hakucheka, alinitazama mimi, akamtazama kuku, kisha akainuka. Sikuwa nimepata kusimama naye karibu. Utosi wake uliishia pale alipokuwa kuku.

"Kijana," akasema, "mgongo wangu ninao mwenyewe. Kifuo kile nilikikata kwa kimo changu. Mimi kilinikuta nimesimama; wewe kinakukuta umesujudu. Kachimbue, uweke kinacholingana na wewe."

"Na dawa ya kukizindua, kukitoa uchawi, mzee?"

"Dawa ni jembe. Kuku mwache, leo nina mgeni."

Nikarudi shambani kuomba ruhusa ya kukichimbua, mnyapara wetu akagoma. "Kifuo hicho kimefanya kazi miaka na miaka, hakijalalamika. Leo wewe na daftari lako la kisomo ndiyo mje mkigombeze?" Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Sikubishana. Naye alikuwa mrefu kama mimi, nikamwomba anifundishe namna nzuri ya kufua, kikapu kimoja tu. Alifua kwa madaha. Kuinuka, aliinuka kwa awamu: kwanza kichwa, kisha mabega, kiuno kikabaki kinafikiri. Alikwenda bandani akaja na jembe.

Nikachimbia kifuo kipya, cha kimo changu. Maumivu hayakuondoka kwa siku moja. Yalikwenda kama mgeni asiyetaka kuaga. Lakini ndoa ilifungwa, na Ijumaa iliyofuata niliinuka kutoka rukuu kabla ya imamu, nikakemewa.

Sasa nisikilize, wewe uliyerithi kiti, meza au chombo cha mtu mwingine. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Nami naongeza, usifanye kazi kwa kimo cha mwenzio. Mwili ukikuuma kila siku mahali palepale, usiseme umelogwa, wala usijiite mvivu. Kitazame unachofanyia kazi: kimepanda mno, kimeshuka mno, au kimekaa mbali? Kisha sema, kwa adabu, lakini sema, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Nawe uliyepewa watu wa kuwasimamia, kabla hujamkaripia aliyepinda, fanya kazi yake kikapu kimoja.

Mola akupe riziki ya halali, akupe na mkubwa wa kazi mwenye masikio. Na kila jioni ufike nyumbani ukiwa na nguvu iliyobaki ya kumbeba mtoto anayekukimbilia mlangoni. Amina.