Majina Chini ya Mabenchi

Kanisani kwetu Nyamasaria wafu walikuwa na Jumapili yao, ile ya mwisho ya Novemba. Mwinjilisti alifungua kitabu cha washirika waliotangulia, akasoma majina polepole kwa Kiswahili, maana tulikuwa mchanganyiko, wengine watu wa ziwani, wengine waliotoka milimani kutafuta kazi Kisumu. Kila jina lilipotajwa, watu wa nyumba ile walisimama na kubaki wamesimama mpaka mwisho. Kitabu kikifika katikati, karibu kanisa zima liko wima, vikongwe wakiegemea mikongojo na watoto wakikanyagana vidole. Waliobaki wamekaa ni wageni, mke wa mwinjilisti pale mbele, na sisi.

Sisi tulikaa kwa sababu baba hakuwa kitabuni. Alikuwa seremala, na mabenchi ya kanisa lile aliyatengeneza yeye, moja moja, mwaka baada ya mwaka. Lakini nilipokuwa msichana mdogo alioa mke wa pili kutoka Bondo, na wazee wa kanisa wakamwondoa kwenye meza ya Bwana. Akahamia benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Hapo alikaa kila Jumapili, na sikumsikia akilalamika hata siku moja. Mshirika akifa, wazee haohao walikuja nyumbani kumwomba jeneza, naye akachukua randa na msumeno akaanza kazi. Alipokufa yeye, miaka michache baada ya Uhuru, jeneza lake lilitengenezwa na fundi mwingine, na mfuniko haukukaa sawa. Mwinjilisti hakuja kuzika.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu kijana mwenye hasira za karibu. Nilimwambia mama tuhame kanisa, kwani Kisumu ilikuwa na makanisa mengi kuliko maduka. Mama alijifunga leso, akaenda kwa mwinjilisti, nami nikamfuata nyuma.

"Mama, kitabu iko na sheria," mwinjilisti alisema. "Ni ya washirika peke yake."

"Mzee, huyo mtu alioa juu ya nani?"

"Juu yako, Mama."

"Basi mimi ndio nilikosewa. Na mimi nimesamehe. Nyinyi mlikosewa nini?"

Mwinjilisti alijifanya anatafuta miwani. Tulirudi nyumbani mikono mitupu, na njia nzima mimi ndiye niliyekuwa nikisema.

Novemba ya kwanza tulikaa, macho chini. Novemba ya pili mama alikuja na kigoda. Hakikuwa kazi ya baba. Alikuwa amekinunua soko la Sondu, kigoda kibaya kilichoyumba, akakiweka kwenye njia ya katikati na kukikalia mbele ya kila mtu.

"Mama, benchi iko na nafasi huku," mwinjilisti alimwita kutoka mbele.

"Nimeona, Mzee. Lakini kazi ya mtu mmekataa jina yake, mimi siwezi kukalia."

Niliona aibu hadi masikio yakanichemka, na papo hapo nilijivunia mama kuliko siku nyingine yoyote. Mama mdogo, yule mke wa Bondo, alikuwa amepanda basi alfajiri kuja. Alisimama mlangoni asijue pa kwenda, kisha akatandika leso yake sakafuni karibu na kigoda. Mama hakumsalimu. Alisogeza kigoda kidogo, basi.

Tangu siku hiyo kigoda kikawa kinakuja kila Jumapili. Watu walimtania mama kwamba anahamia kanisani polepole, ameanza na viti. Mwinjilisti naye hakubadilika. Mgala muue na haki yake mpe, nilisema moyoni, lakini mzee huyu haki yenyewe alikuwa ameifungia kabatini.

Mvua za masika ya mwaka wa tatu zilileta mto ndani ya kanisa. Maji yalipopungua yaliacha tope jeusi la magotini, na wanawake tukaitwa kusafisha. Tulitoa mabenchi nje, tukayapindua juani miguu juu, tukaanza kusugua. Mama mdogo alikuja pia, na ndoo yake.

Mimi ndiye niliyeona kwanza. Chini ya benchi, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama, tope lilikuwa limejaza herufi zilizochongwa kwa patasi. Lilikuwa jina la mama mmoja aliyekuwa akiimba nasi, aliyekufa nikiwa shule. Nikakimbilia benchi la pili. Jina jingine.

"Ni ubao ya masanduku ya wafu," mama mdogo alisema taratibu. "Ikibaki kipande, alikuwa anakataa kutupa. Anaweka kwa benchi. Anasema watu wakae na watu wao."

Niliona mama ameumia. Jambo hilo mwenzake alilijua, na yeye, mke wa ujana wa baba, hakulijua. Alishika brashi kwa muda bila kuitumia. Kisha akasema, "Nyathina, sugua hiyo ingine," na sikujua kama mwanangu huyo alikuwa mimi au mama mdogo. Tulisugua sote wawili.

Mwinjilisti alipofika kukagua kazi, mimi nilikuwa nimeshasoma benchi la tisa, lile fupi la watoto wa Shule ya Jumapili. Nakiri nilimwita kwa ubaya. Nilitaka limchome. Maandishi yalisema: *Mtoto wa mwinjilisti. Siku tatu.*

Alivua kofia. Akapiga magoti kwenye tope na suruali yake nzuri, akazipitia herufi kwa kidole, moja moja, mara mbili. Mtoto yule alikufa kabla ya kubatizwa, na kwa sheria ya baba yake hakuandikwa kitabuni. Miaka yote mzee huyu alisomea nyumba za wenzake, na yake haikuwa na jina la kusimamia.

"Baba yako alileta sanduku mwenyewe, kwa mkono," alisema. "Mimi sikumwambia hata asante."

Ubaya wangu wote uliisha hapo. Nilimpa mkono, akainuka.

Novemba ilipofika alisoma kitabu mpaka mwisho, akakifunga. Tulidhani atatoa baraka. Lakini alivua miwani, akataja jina la baba kwa ukamilifu, la ubatizo, lake mwenyewe na la babu. Halafu akasema, "Na mtoto wangu wa siku tatu," na mke wake, aliyekuwa mbele, akaangua kilio.

Nilisimama. Mama mdogo alisimama. Mama aliinuka kwenye kigoda, akakisukuma pembeni kwa mguu, akaenda kwenye benchi lililokuwa jirani na kukaa. Kanisa zima liko wima, yeye amekaa, kiganja kimetulia juu ya ubao.

"Mama," mwinjilisti alisema kwa upole, "jina imesomwa."

"Nimesikia, Mzee. Ndio maana nimekaa."

Kisha akasogea, akapigapiga nafasi iliyobaki, akamwita mama mdogo aje akae.