Saa Nane Isiyoingia Kwenye Kompyuta

Mwanangu, nakumbuka alasiri moja ya mvua pale Mikumi. Mjomba wangu aliniita mwongo mbele ya mama yangu, na mimi nikageuka nikamwita binti yake mwizi. Mimi shule niliishia darasa la nne, nikikosea jina la kitu utanisamehe, ila maneno ya siku ile nayakumbuka yote.

Ilikuwa ile miaka serikali inauza viwanda vyake, maduka yamejaa vitu vya nje, na watu wa reli Kilosa wanapunguzwa kazini. Mjomba Stefano naye akapunguzwa. Wenzake walipopewa kiinua mgongo walinunua mashine za kusaga. Mmoja alinunua pikipiki akaimaliza kwa sifa, lakini hiyo ni habari nyingine. Mjomba akanunua hisa za kiwanda cha saruji. Tulimcheka sana. "Stefano kanunua makaratasi!"

Sasa goti likamharibikia, hospitali Morogoro wakasema lazima apasuliwe. Fedha itoke wapi? Ama auze hisa, ama auze shamba la Zombo alilorithi, ambalo mama yangu, dada yake, ndiye aliyekuwa akililima tangu baba yangu afariki. Hisa kwa bei ya siku zile hazikutosha. Basi akatafutwa mnunuzi wa shamba, bwana mmoja wa miwa kutoka Ruaha. Siku hiyo alikuwa amekaa hotelini ng'ambo ya barabara, anakunywa soda, anamsubiri mjomba akatie sahihi. Mama tangu asubuhi alikuwa anakunja na kukunjua upindo wa kanga tu.

Anjela, binti wa mjomba, alikuwa na duka la kuchapa barua pale pale Mikumi, likitazamana na hoteli ile. Alikuwa na kompyuta, na ndani yake programu ya hesabu za nyumbani. Ukishaiandikia una hisa ngapi, bei za soko la Dar zinaingia kwa waya wa simu, nayo inakuonyesha mali yako imefikia wapi. Mjomba aliiamini kuliko mdomo wa mtu yeyote. "Mashine haina shangazi," alikuwa akisema, yaani haimpendelei mtu.

Asubuhi bei iliingia yenyewe, ile ile ya chini. Kisha mvua ikaanza, simu ikawa inakwaruza. Sauti inapita, lakini bei zikiitwa zinakatika njiani. Anjela alikuwa ametoka kwenda kula. Nikampigia mimi wakala wa Dar aliyemuuzia mjomba zile hisa, soko limeshafungwa. Akaniambia bei imepanda karibu nusu! Nikamwuliza mara mbili. Nikaandika kwenye kikaratasi: bei mpya, saa 8. Nikakiacha juu ya kibodi, nikakimbia mvuani kumwita mjomba nyumbani.

Tukarudi taratibu, yeye na gongo lake, mama nyuma. Anjela alikuwa ameshaingiza bei ile.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Haya, tuonyeshe."

Kioo kikaonyesha bei ya asubuhi.

"Nimeandika," Anjela akasema. "Ngoja niandike tena." Akaandika tena. Ikarudi ile ile.

Mjomba akanigeukia. "Wewe unalitaka shamba analolilima mama yako, ndiyo maana umetunga bei."

"Mjomba, wallahi..."

"Usiape! Wewe Mkristo, wallahi umeitoa wapi?"

Mwanangu, siku nyingine ningecheka. Simu nayo ilikuwa imekufa kabisa, hakuna wa kunishuhudia. Nikaona njia moja tu ya kutokea. "Huyu Anjela anaficha bei," nikasema. "Anataka shamba liuzwe, hisa zibaki urithi wake. Mwizi huyu!"

Anjela akaacha kuandika, machozi yakamtoka.

Mama ndiye aliyezungumza, na hakupaza sauti. "Anjela ni mtoto wa kaka yangu. Shamba nikilikosa nitakodi jingine, yeye nitamkodi wapi? Mwombe radhi."

"Mama, lakini bei..."

"Bei itangoja. Mwombe."

Nikamwomba, kwa shingo upande, nisikudanganye. Ndipo mama akamwambia, "Mwanangu, futa uso. Hatuna haraka. Tusomee ulichoandika, kimoja kimoja, kama unanifundisha mimi."

Anjela akavuta pumzi. "Jina la kiwanda, ndilo. Tarehe ya leo, ndiyo. Bei, hii ya kwenye kikaratasi. Saa, nane kamili." Akatazama saa ndogo pembeni ya kioo. "Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa kumi," nikasema.

"Hapa imeandikwa kumi na sita." Akajishika kichwa. "Jamani! Hii inahesabu tangu usiku wa manane. Nane kwake ni saa mbili asubuhi! Bei ya asubuhi iliingia saa nne, yaani kumi kwake. Inadhani hii yako ndiyo ya zamani, ndiyo maana inashika ile."

Akafuta nane, akaandika kumi na nne. Bei ikapanda mbele ya macho yetu. Mjomba akainama mpaka pua ikakaribia kioo, midomo inahesabu. Hisa zilitosha goti, na zingebaki kidogo.

Hakusema samahani, wazee wa reli walikuwa hivyo. Aliniwekea mkono begani na uzito wake wote, akasema, "Nisindikize ng'ambo, nikamwambie bwana yule amalize soda yake aende." Mama akabaki ndani amemkumbatia Anjela, wanacheka na kulia.

Basi nakuusia, mwanangu. Kitu kilichopita mikononi mwa watu wengi kikigoma, usianze kutafuta mwizi. Mimi sikuongopa, Anjela hakuiba, mashine haikuharibika, na bado nusura shamba liende. Rudini nyuma pamoja, hatua kwa hatua, kila mtu aseme alichokisikia na alichokiandika. Na aliyekwisha kuumizwa, mtake radhi kwanza, maana mtu anayelia haoni kosa hata likiwa mbele yake.

Mungu akupe kazi ya kukulisha, na ndugu wa kukusikiliza siku utakayosema kweli ukakosa shahidi. Nyumba yako iwe na amani.