Dua Iliyozima Spika ya Babu Sefu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, kabla sijazeeka hivi. Usicheke. Niko kidato cha tatu, nina ndevu mbili. Nikikaa na nyie wa darasa la sita mimi ni mzee kabisa, na mzee akiongea watoto hawatafuni bisi.

Jumuiya, ile sala ya Jumamosi inayozunguka nyumba kwa nyumba, ilikuwa zamu yetu, kwetu ghorofani, Kariakoo, upande wa Msimbazi. Sebule imejaa akina mama, viatu vimejaa mlangoni. Mwenyekiti ni Bibi yangu, mwanamke wa Moshi asiyecheka kabla ya Amina. Sasa chini yetu kuna duka la vyombo la Babu Sefu, na spika yake haina adabu. Mama mmoja anasema, "Tuwaombee walio vitani, wapate amani." Sisi: "Ee Bwana, utusikie." Spika: "Bei chee! Ingia, chagua, beba!" Mwingine: "Tuwaombee wagonjwa wote duniani." "Ee Bwana, utusikie." "Sufuria zinaisha! Wahi!"

Mimi nikaona nafasi. Wote wamefumba macho, midomo imeshazoea kuitikia yenyewe. Nikakohoa kama mtu mzima, nikasema taratibu, "Tumwombee Babu Sefu, spika yake iungue."

Sebule nzima, kwa unyenyekevu: "Ee Bwana, utusikie."

Na spika ikazimika. Papo hapo.

Mwanangu, nilijiona nabii. Binamu yangu Neema alikuwa anang'ata mto asicheke. Bibi ndiye aliyefumbua macho kwanza. Akanitazama, na kabla hajasema kitu tukasikia kijana wa dukani akipiga kelele: "Jamani, mzee kaanguka!"

Unabii ukaniishia hapo hapo.

Tulishuka ngazi jumuiya nzima, peku. Babu Sefu amelala katikati ya ndoo. Kijana alikuwa amezima spika ili apige simu. Akina mama wakampepea kwa kanga zao, bajaji ikaletwa, akapakiwa. Bibi akawa anapanda naye, nikamshika kitenge.

"Bibi, nimemuua?"

"Mungu si kibarua wako, umtume akaunguze spika za watu," akasema. "Lakini tumeizunguka dunia nzima kwa maombi, na mzee wa watu yuko chini ya miguu yetu, hatujui hata kama anaumwa. Panda juu. Anza upya. Mtaje."

Nikapanda ngazi na akina mama, nikaanza upya. Kwenye jina nikageukia dirishani kuitazama bajaji. Neema akanimalizia, na safari hii "Ee Bwana, utusikie" ilitoka kama ya watu wanaodai chao.

Ilikuwa presha. Aliporudi nyumbani, Bibi akanituma na chupa ya uji.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Ndiye wewe muunguza spika?"

Neema! Nani mwingine?

"Nisamehe, Babu."

"Mimi mwenyewe niliacha dawa, mjukuu wangu, wewe unajipa sifa tu. Ila kama dua zenu zinafika upesi hivyo, niombeeni na wateja." Akacheka mpaka akashika kifua, mimi nusura nikimbie. "Jumamosi ya zamu yenu mkianza, nitazima. Lakini mnitaje kwa nguvu, nisikie."

Ndiyo hivyo kila zamu yetu, mpaka leo. Tukifika kwenye jina lake, kutoka chini, kwenye masufuria huko, inakuja sauti: "Amin!"

Basi sikia ya mzee wako. Dua usiyoisikia usiiitikie. Utani tania, mimi mwenyewe sijaacha, ila usimchongee kwa Mungu mtu ambaye hujamjulia hali. Ombea na vita vya mbali, ni vizuri, watu wanaumia huko. Lakini ukimaliza, shuka ngazi. Ujue aliye chini yako anaitwa nani na kama leo kanywa dawa.

Mungu akukuze, mwanangu, akupe ndevu nyingi kuliko zangu, akuponye unapoumwa, na asikunyime jirani wa kukuitikia Amin kutoka chini.